Habari za Baiskeli na Mafundi Wake katika Shinyanga na Geita

Waandikao habari za Usukuma hutaja ng'ombe, pamba na ngoma, wala hawakosei. Lakini yeyote aliyesafiri kutoka Shinyanga kwenda Kahama, kisha akafika Geita, ajua ya kuwa kipo kitu cha nne kisichoandikwa sana, nacho ni baiskeli. Twataka kueleza jinsi chombo hiki kilichotoka Ulaya kilivyogeuzwa na watu wa huku kikawa mnyama wa mizigo, na kazi ya fundi akaaye kibandani chini ya mti. Maana tumesikia mara nyingi watu wenye elimu wakisema kwamba Msukuma hushikilia baiskeli ya kizamani kwa ukaidi tu, hali baiskeli mpya zenye gia zauzwa dukani. Maneno hayo twayaona hayana msingi.

Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885, J. K. Starley alipoitoa Rover yake kule Coventry. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama wa Belfast, alipata hati ya mpira wa kujazwa upepo. Tangu hapo umbo likatulia. Baiskeli za Kiingereza zilizofika Tanganyika, kama Raleigh ya Nottingham na BSA ya Birmingham, zilikuwa na magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu visivyo na waya, spoku 32 mbele na 40 nyuma, na uzito wa kilo 20 hivi. Zilikusudiwa mtu mmoja aketiye wima akienda kazini: karani, polisi, mwalimu, katekista. Keria ya nyuma ilitosha kubeba mfuko wa vitabu au koti la mvua.

Sasa tutazame nchi ilivyokuwa. Reli itokayo Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza mwaka 1928, lakini pamba haikuota stesheni. Ilipaswa kutolewa mashambani, mwendo wa saa nyingi. Zamani za misafara mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32. Gunia la kilo 100 likifungwa juu ya baiskeli ni mzigo wa wapagazi watatu, naye asukumaye ni mmoja. Labda mtu atauliza, mbona hawakutumia punda au ng'ombe? Walitumia penye nafasi, lakini mapori mengi yalikuwa na mbung'o, nao huua wanyama kwa nagana. Ndiyo sababu C. F. M. Swynnerton aliiweka idara yake ya kuchunguza mbung'o hapo Shinyanga, na watu wakafyeka mapori makubwa pamoja na watemi wao. Baiskeli ni mnyama asiyeugua nagana wala asiyetaka malisho. (Walakini haikukosa hatia, kwa kuwa mbung'o hupenda kufuata kitu kiendacho, na mara nyingi alipanda mgongoni mwa msafiri akapelekwa pasipo mbung'o.)

Fedha ya kuinunua ilitoka kwenye pamba. Miaka ya 1950 kilimo chake kilistawi sana, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana katika shirikisho moja la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu. Mshahara nao ulipatikana kwenye almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na kwenye dhahabu ya Geita, ambako mgodi wa kwanza ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hata ukafungwa mwaka 1966. Aliyeuza vema alinunua ng'ombe, mabati na baiskeli.

Lakini baiskeli iliyotoka dukani haikuwa tayari kwa kazi ya huku, na hapa ndipo ufundi wa wenyeji ulipoingia. Keria ya kiwandani, iliyo ya vyuma vyembamba, hupinda siku ya kwanza ya gunia. Basi huondolewa, na fundi wa kuchomelea hutengeneza nyingine ya nondo, pana na ndefu, yenye miguu inayoshuka hata kwenye ekseli. Forku ya mbele huongezwa nondo mbili za kuitegemeza, maana ikikatika mlimani mpandaji huanguka kifudifudi. Stendi ya pembeni haifai kitu chini ya mzigo. Huwekwa stendi ya miguu miwili, au mwenye baiskeli hubeba mti wenye panda akaiegemeza. Madigadi wengine huyaondoa kabisa, kwa sababu udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hujaa kati yake na tairi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Mpira wa ndani uliozeeka hautupwi. Hukatwa kamba ndefu, nazo hufunga mzigo vizuri kuliko kamba ya katani, kwa kuwa hunyooka na kurudi. Kwa abiria, keria hushonewa mto wa sponji, na pande mbili za ekseli hutiwa vyuma vya kukanyagia.

Fundi mwenyewe duka lake huweza kubebwa kwa mikono miwili: spana chache, koleo, nyundo, pampu ya kusimama, mkasi, chupa ya solusheni, kipande cha bati kilichotobolewa misumari cha kukwaruzia mpira, na beseni la maji la kutafutia tundu. Katika nchi ya migunga yenye miiba, beseni hilo halikauki. Ujuzi wake mkubwa, hata hivyo, si pancha, ambayo kila mtoto huweza kuiziba; ni kunyosha gurudumu. Huipindua baiskeli, huzungusha gurudumu polepole, huweka kidole karibu na ringi asikie inapogusa, ndipo hukaza spoku moja na kulegeza ya upande wa pili, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Tumewaona wakifanya hivyo bila kipimo chochote.

Je, ujuzi huo ulidumuje miaka mingi hivyo? Kwa sababu baiskeli haikubadilika. Raleigh na BSA zilipoadimika zilifuatwa na Hero ya Ludhiana huko India, iliyoanza mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai. Na Tanzania yenyewe ilitoa Swala. Zote zilifuata umbo lile lile la Kiingereza. Gololi ya hii iliingia katika ile, tairi la hii likavaa ringi ya ile, na baiskeli iliyokufa ikawa ghala la vipuri kwa zilizo hai. Hata wakati wa dhiki uliofuata vita vya Uganda vya 1978 na 1979, vitu vya kigeni vilipopungua madukani, baiskeli hazikusimama zote.

Baiskeli mpya za gia zavunja mapatano hayo. Nyingi huja zikiwa zimekwisha tumiwa ng'ambo, na kila moja ina namna yake: waya wa breki wa aina hii, meno ya gia ya idadi ile, mnyororo mwembamba usiopatana na mwingine. Gia zina faida kwenye vilima vya Geita, hatukatai. Lakini zikiharibika Nyarugusu, kipuri chake hakipo Nyarugusu. Basi wenye nazo hufanya jambo ambalo wageni hulicheka: huzing'oa gia zote, wakaweka friwili ya jino moja na mnyororo mnene. Fremu ni ya kisasa, kazi ni ya kale. Mtu afanyaye hivyo hakatai elimu. Amehesabu umbali uliopo kati ya mahali chombo kiharibikapo na mahali kitengenezwapo.

Lugha nayo yatoa ushahidi wake. Vilivyojulikana tangu zamani vilipewa majina yaliyokuwapo: usukani ulitoka chomboni baharini, mnyororo ulitoka shingoni mwa mfungwa. Vilivyokuja na baiskeli yenyewe vilikuja na majina yao: keria, madigadi, spoku, pedali, friwili. Vijana sasa husema cheni, na mnyororo wauacha kwa wazee. Tena neno daladala, lililozaliwa kwa mabasi ya Dar es Salaam kwa sababu ya nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, huko Shinyanga lilihamia kwa baiskeli ibebayo abiria. Na bodaboda, ambayo leo ni pikipiki, ilianza kuwa jina la baiskeli za mpakani Busia.

Hizo pikipiki ndizo zilizoibadili kazi, kuliko gia. Kanuni za kuzipa leseni ya kuchukua abiria zilitolewa mwaka 2010, nazo zikawanyang'anya daladala wa baiskeli sehemu kubwa ya abiria wao. Mgodi mkubwa mpya wa Geita ulianza mwaka 2000, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Fedha na barabara zimeongezeka. Lakini kwa wachimbaji wadogo, kama wale wa Rwamagasa, mfuko wa mawe hutoka shimoni kwenda kwenye karasha, na maji huja kwa madumu manne ya lita 20, ambayo ni kilo 80. Safari fupi kama hizi hazilipi petroli. Kwa hiyo fundi hajafunga kibanda. Ameongeza pampu kubwa na solusheni ya tairi za pikipiki, na upande mmoja wa mti huning'iniza mipira ya inchi 28, upande wa pili ya inchi 18.