Port Florence, Till na PartyB: majina yasiyosema kazi yake

Wasee wa Kisumu, reli ilipofika hapa ziwani Desemba 1901, mnajua stesheni ilipewa jina gani? Port Florence. Florence Preston alikuwa mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Sina ubaya na huyo mama. Lakini mgeni akisoma jina hilo kwenye ramani, amejua nini kuhusu mahali penyewe?

Wenyeji walikuwa na jina lao. Wazee husema Kisumu imetoka kwa kisumo, mahali unaenda kubadilisha ulicho nacho upate chakula. Neno moja tu, na tayari unajua utaenda lini na utabeba nini.

Naleta stori hii kwa sababu ya mawakala wa AI. Si yule wa kibanda cha M-Pesa, tulia. Nasema zile programu za akili unde unazoziagiza kazi, nazo zinachagua zana ya kuifanya: kutafuta oda, kuomba malipo, kutuma meseji. Wakala haoni ndani ya zana. Anasoma jina, maelezo mafupi, na orodha ya vitu inavyotaka, kisha anaamua. Ukiandika vibaya, yeye hakuulizi. Anakisia.

Na Kenya tuna historia ya hii kitu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 na menyu ya vitenzi: Tuma Pesa, Toa Pesa. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga benki alielewa. Baadaye tukapata Paybill, inayotaka namba ya akaunti, na Till, isiyoitaka. Majina yenyewe hayasemi tofauti hiyo, kwa hivyo wenye maduka waliimalizia kwa makapeni ukutani: weka namba hii, akaunti andika jina lako, jina litakalotokea ni hili. Hayo maandishi ya ukutani ndiyo maelezo bora ya zana niliyowahi kuona, na hakuna aliyewafunza.

Halafu 2017 Safaricom ikatoa Daraja, njia ya programu kuongea na M-Pesa moja kwa moja. Ndani yake kuna sehemu inaitwa PartyA na nyingine PartyB. Manze, PartyB ni nani? Ni upande unaopokea pesa, lakini jina halikwambii. AccountReference nayo haipiti herufi 12. Madeva waliyajua haya kwa kuulizana, na binadamu ana wa kumuuliza.

Sasa chukulia mama anauza samaki Dunga na wakala wa AI anamshughulikia oda. Deva amempa zana inaitwa "lipa", maelezo: "Inafanya malipo." Wakala anaiita, inajibu kwamba ombi limepokelewa, anamwandikia mama: amelipa, toa mzigo. Kumbe jibu hilo la kwanza linasema tu ombi limekubaliwa kushughulikiwa. Mteja bado hajaweka PIN, na anaweza kukataa. Matokeo yenyewe huja baadaye, kivyake. Samaki washaenda na boda.

Mimi ningeandika hivi. Jina: omba_malipo_kwa_simu. Maelezo: "Hutuma ombi la M-Pesa kwenye simu ya mteja. Itumie mteja akishakubali kiasi. Usiitumie kurudisha pesa. Namba ya simu ianze na 254, bila alama ya kujumlisha. Kiasi kiwe shilingi nzima, bila senti. Jibu la kwanza si uthibitisho wa malipo. Angalia matokeo kwa zana ya kuthibitisha_malipo kabla ya kusema mteja amelipa."

Ndefu? Ndiyo. Kuna madeva wanaona aibu kuandika hivyo, ati AI ni smati itajua tu. Itajua aje, omera? Haijawahi kusimama Dunga. Sentensi ya "usiitumie" ndiyo wengi huruka, na ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu zana mbili zikifanana, wakala anahitaji kujua mpaka uko wapi kati yao.

Ukimaliza kuandika, mpe maelezo hayo mtu asiyejua kodi hata kidogo, binamu yako wa Kondele hivi, umuulize angechagua zana gani mteja akisema "nirudishieni mia tano yangu". Akisita, rudi ukaandike upya kabla mama hajafungua duka.