Haki Isiyolazwa: Fundisho la Mbarara na Nakivale

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Tumezoea kuifundisha madarasani kama onyo juu ya uzembe. Katika makala haya twapenda kuitazama kwa upande wa haki, na kuuliza: aliyedhulumiwa angoje mpaka lini? Mfano wetu tutautoa Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, katika mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Mafundisho ya Kikristo juu ya jambo hili hayana kificho. Torati yakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Mhubiri aonya kwamba hukumu ikikawia, mioyo ya watu hupata ujasiri wa kutenda maovu. Katika Injili ya Mathayo, mwenye sadaka aamriwa kuiacha mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake. Naye Zakayo mtoza ushuru hakuomba muhula. Aliahidi papo hapo kurudisha mara nne alichonyang'anya. Kwa mafundisho haya, toba isiyorudisha mali ya watu ni nusu ya toba.

Mafundisho hayo yalipata nguvu mpya katika Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda katika miaka ya 1930. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Walikiri makosa yao hadharani, kisha wakawaendea waliowakosea: aliyeiba ng'ombe alimrudisha, aliyekwepa kodi aliilipa, mwenye deni la siri alilitaja. Hawakungoja kuitwa barazani. Miongoni mwa waliotumika Gahini alikuwamo Kosiya Shalita, mtu wa asili ya Rwanda aliyelelewa Uganda, ambaye baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Ankole-Kigezi.

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958, na Watutsi waliokimbia machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959 wakapewa mahali pa kuishi huko. Kwa miaka mingi walilima, walifuga na kusali bega kwa bega na wenyeji.

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi Oktoba 1982. Katika wilaya ya Mbarara, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Isingiro ya leo, viongozi wa chama tawala cha UPC na vijana wao waliwafukuza watu wa asili ya Rwanda, wakimbizi na raia bila kubagua. Nyumba zilibomolewa na ng'ombe wakatwaliwa. Maelfu walivuka mpaka kwenda Rwanda. Maelfu wengine walisukumwa makambini, Nakivale ikiwamo. Ankole ilikuwa na Wakristo wengi mno, hata haiwezekani kudhani kwamba dhuluma hiyo ilitendwa na wasioamini peke yao. Wako waliokwenda kanisani Jumapili na zizini mwao mna ng'ombe wa jirani. Somo la Zakayo walilijua, lakini walilisoma kama hadithi ya mtu mwingine.

Ucheleweshaji huo ulizaa matunda machungu. Vijana wengi wa Kinyarwanda, walipoona hawana baraza la kuwasikiliza, walijiunga na jeshi la NRA lililokuwa msituni. Na baadhi yao ndio walioingia Rwanda kwa silaha mwezi Oktoba 1990. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, lakini hii nayo imo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 126, yaagiza kwamba haki isicheleweshwe. Hata hivyo, agizo la maandishi halina miguu. Kwa mkimbizi wa Nakivale mahakama ya karibu ilikuwa Isingiro, mwendo wa kilometa 50 hivi, na aliyekosa nauli aliiacha kesi yake. Ndipo mwaka 2013 ilipoanzishwa mahakama ya kutembea, kwa ushirikiano wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, mahakimu wa Isingiro, Tume ya Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria. Hakimu alimfuata mlalamikaji, naye mlalamikaji, awe mkimbizi au mwenyeji, akasikilizwa karibu na nyumbani kwake.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna la kujifunza hapa. Neno uwajibikaji limetokana na wajibu, na wajibu hauanzi siku ya kushtakiwa. Mshahara wa mtumishi wa nyumbani, fedha za chama tulizokabidhiwa, kitabu tulichoazima, neno la uongo tulilomsingizia mwenzetu: kila kimoja kina mwenyewe anayekingoja. Mahakama yaweza kuwa mbali kwa kilometa 50. Mlango wa tuliyemkosea kwa kawaida u karibu. Na tumwendee leo, kabla ya jua kuchwa.