Zima Injini, Ingia Kwenye Mikoko

Mdogo wangu alinifundisha kukimbia kabla hajanifundisha kupiga. Ilikuwa likizo, tuko nyumbani Kibiti, umeme upo, na yeye yumo ndani ya Elite Dangerous, lile gemu la kuendesha chombo angani, kununua bidhaa sayari moja na kuuza nyingine huku maharamia wakikuvizia njiani. Nilijaza mzigo, nikakutana na haramia wa kwanza, nikageuka kupigana. Sekunde arobaini hivi, nikawa vumbi.

“Dada, ukiwa na mzigo hupigani,” aliniambia. “Unakimbia. Na kabla ya kukimbia unajua mafuta yamebaki kiasi gani. Ukishindwa kukimbia, unazima kila kitu unakaa kimya.”

Kukaa kimya, kwenye gemu lile, ni kufunga matundu ya kutolea joto ili chombo kisionekane kwenye mitambo ya adui. Ubaya wake ni kwamba joto halina pa kwenda. Linabaki ndani na kuanza kuunguza vifaa vyako mwenyewe. Unajificha, lakini unajipika.

Nilicheka, kwa sababu wakati huo nilikuwa nasoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili habari za manowari iliyofanya hivyo hasa, kilomita chache kutoka hapo tulipokaa.

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5 na mwendo mkali kuliko meli za Waingereza zilizokuwa eneo hili. Tarehe 31 Julai, vita ikinukia, Looff aliondoka bandarini, na Waingereza waliojaribu kumfuata wakaachwa nyuma. Hapo alifuata kanuni ya kwanza ya mdogo wangu. Ya pili ndiyo iliyomshinda. Meli ile ilikula makaa ya mawe, na baada ya Agosti 1914 karibu kila bandari yenye makaa katika Bahari ya Hindi ilikuwa ya adui au haikumtaka. Katika vita nzima alikamata meli moja tu ya biashara, City of Winchester, iliyobeba chai kutoka India. Aliifyonza makaa na vyakula kisha akaizamisha. Manowari iliyotumwa kuwinda biashara ya dola zima ikaishia na shehena moja ya chai, kwa sababu ya tangi.

Akaja Rufiji. Wajerumani walikuwa wameipima delta na kuichora, na Waingereza hawakujua kwamba mikondo yake ina kina cha kupitisha meli kubwa kiasi kile. Sasa eneo hili lote liko ndani ya Wilaya ya Kibiti: Salale, Mbuchi, Msala, zaidi ya hekta 50,000 za mikoko. Anayeijua delta anaelewa uchaguzi wake. Ukiingia na maji yakijaa, ukakata kona mbili, bahari imekwisha. Mbele mkandaa, nyuma mkandaa. Watu wa hapa wamekata boriti humo kwa vizazi vingi, na majahazi yamezipeleka hadi Uarabuni, kwenye nyumba za nchi isiyo na miti. (Nikisema kwetu Kibiti, chuoni bado wapo wanaonitazama kwa jicho la 2017, la yale mauaji. Wageni wengi wanaijua delta kama maficho tu. Wanasahau kwamba kuna watu wanaolima mpunga humo, wanaolala kwenye madungu kulinda mashamba dhidi ya nguruwe.)

Tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri, Looff alitoka mafichoni akaikuta Pegasus ya Uingereza bandarini Zanzibar, injini zimefunguliwa kwa matengenezo. Aliizamisha. Waingereza 38 walikufa. Mdogo wangu angeiita bahati, maana adui aliyezima injini hana pa kukimbilia. Lakini siku ileile injini ya Königsberg nayo ikavunjika, na ikabidi irudi mtoni kwa kujikongoja.

Hapa ndipo tasnifu yangu ilipogeuka. Vitabu vingi nilivyosoma vinapita haraka sehemu hii: vipuri vilipelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa. Vilipelekwa. Kitenzi kimekaa pale kama vile chuma kina miguu. Barabara ya lami haikuwapo, reli haikufika. Chuma kile kizito kilikokotwa na kubebwa na Waafrika, kwenda na kurudi, kupitia mchanga na tope. Na kumbuka ni nchi gani hii. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, papa hapa Rufiji, Agosti 1905. Mwaka huohuo, Vita vya Maji Maji vikiwaka, Königsberg iliteremshwa majini Kiel kwa mara ya kwanza. Miaka tisa baadaye watu wa nchi iliyoteketezwa wanabeba viungo vyake mabegani ili ipone.

Meli ikapona, lakini haikutoka tena. Tarehe 30 Oktoba Chatham iliigundua, na Waingereza wakafunga milango ya mto. Novemba walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mkondo wa Suninga kama kizibo. Wakaleta ndege, kwanza ikirushwa na Dennis Cutler, rubani wa kiraia waliyemwajiri Durban. Mwezi uliofuata alitekwa. Kwenye meli mabaharia walifunga matawi ya mikoko kwenye milingoti. Joto, malaria, chakula kupungua, na moshi ambao hawakuthubutu kuutoa. Matundu yamefungwa, chombo kinajipika, kwa miezi minane na ushee.

Kilichoimaliza ni vyombo viwili bapa na vibaya kutazama, Severn na Mersey, vilivyojengwa kwa ajili ya mito ya Brazil na kukokotwa kutoka Malta hadi huku. Viliweza kupita kwenye maji mafupi. Tarehe 6 Julai 1915 vilirudishwa nyuma, Mersey ikiwa imepigwa. Tarehe 11 vikarudi. Ndege ya Cull na Arnold, iliyokuwa ikiwaelekeza wapigaji, ilitunguliwa, na Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku wakishuka mtoni. Wote wawili walipona. Looff aliamuru meli yake ilipuliwe.

Mdogo wangu alisikiliza yote haya bila kuacha kucheza. Aliuliza kitu kimoja: “Kwa hiyo mizinga ilipotea?”

Haikupotea. Wajerumani waliitoa yote 10 topeni, wakaitengeneza Dar es Salaam na kuipa magurudumu, na ikazunguka nchi na jeshi la Lettow-Vorbeck. Mmoja uko Pretoria. Mwingine uko Fort Jesus, Mombasa, na mzinga wa Pegasus uko hukohuko ngomeni. Nimesimama mbele yake. Nilitafuta kwenye chuma alama ya mabega, jambo la kipuuzi, nikapiga picha nikaondoka.

Ilipokwenda mizinga walikwenda wabebaji, na Waingereza nao walikuwa na wa kwao. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Kambi yao Dar es Salaam iliitwa kwa jina la kikosi, Carrier Corps, ambalo midomo yetu ililifanya Kariakoo.

“Kariakoo hiihii?” Aliacha kucheza kidogo. Mausi anayochezea aliinunua huko, Mtaa wa Msimbazi, na bado alikuwa akilalamikia bei. Kisha haramia akatokea nyuma yake, akazima kila kitu, na tukakaa wawili tukitazama joto likipanda kwenye kioo.