Usalama kazini: Mwongozo unaopaswa kufika chini ya mkorosho

Na Mwandishi Wetu, Ndanda

KILA mwaka mikorosho inapochanua, kati ya Juni na Septemba, ngurumo za mashine za kupulizia dawa husikika tangu alfajiri katika vijiji vya Ndanda, Masasi na Newala.

Wanaozibeba mashine hizo mgongoni wako kazini sawa na fundi aliyesimama mbele ya mashine kiwandani. Wanavuta vumbi, wanashika mafuta ya petroli na wanafanya kazi katika kelele kwa saa kadhaa mfululizo.

Hata hivyo, wengi wao hawana mwajiri, hawana msimamizi na hawajawahi kusomewa mwongozo wowote wa usalama. Ndiyo maana ni muhimu kufahamu miongozo hiyo inasema nini, na ni kwa namna gani inaweza kutumika shambani na uani.

Sheria inasema nini

Kwa miaka mingi usalama wa wafanyakazi nchini ulisimamiwa na Sheria ya Viwanda, Sura ya 297, iliyotungwa mwaka 1950 enzi za ukoloni. Kama jina lake linavyoonyesha, sheria hiyo ilitazama kiwanda.

Mwaka 2001 Serikali ilianzisha Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaofahamika zaidi kwa kifupi cha OSHA. Miaka miwili baadaye Bunge lilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyofuta ile ya zamani na kupanua ulinzi kutoka viwandani hadi sehemu nyingine za kazi.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwenye eneo la kazi anatakiwa kulisajili, kutathmini hatari zilizopo, kuwapima afya wafanyakazi, kufunika sehemu za mashine zinazozunguka, kutoa vifaa kinga na kutoa taarifa za ajali na magonjwa yatokanayo na kazi.

Wakaguzi wa OSHA wana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kuagiza marekebisho na hata kuamuru kazi isimame pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini. Sheria inalinda pia watu wasio wafanyakazi wanaoweza kudhurika kutokana na shughuli za wengine, kama vile majirani na wapita njia.

Mfanyakazi naye ana wajibu. Anatakiwa kutumia vifaa alivyopewa, kufuata maelekezo na kutoa taarifa anapoona hatari.

Ngazi tano za kinga

Miongozo ya usalama duniani kote hufuata utaratibu mmoja wa ngazi tano. Kwanza, iondoe hatari. Pili, kama haiondoki, tumia kitu kingine chenye madhara madogo zaidi. Tatu, itenge hatari na mtu kwa kizuizi, bomba la moshi au kifuniko cha mashine. Nne, panga kazi upya kwa kupunguza muda wa kukaa kwenye hatari na kutoa mafunzo. Tano, vaa vifaa kinga.

Watu wengi huanzia ngazi ya tano na kuishia hapo. Glavu na barakoa vimewekwa mwisho kwa sababu huchakaa, huvuliwa wakati wa joto, na havipunguzi hatari yenyewe.

Alfajiri ya salfa

Salfa ya unga ilianza kutumika kusini baada ya ugonjwa wa ubwiriunga kushambulia mikorosho, na utafiti wa matumizi yake ulifanywa na Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele, mkoani Mtwara. Ubwiriunga ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoporomosha uzalishaji wa korosho nchini, kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980.

Salfa hupulizwa alfajiri kwa sababu umande huishikiza kwenye maua na upepo huwa umetulia. Muda huo humfaa pia mpuliziaji, kwani vumbi halisambai ovyo. Anatakiwa kusogea upepo ukiwa mgongoni mwake, avae miwani inayofunika macho pande zote, barakoa, shati la mikono mirefu na buti, na asiruhusu watoto wamfuate.

Salfa si sumu kali kama viuatilifu vingine, lakini huwasha macho na ngozi na huleta kikohozi. Aidha, hushika moto, na moshi wake huchoma mapafu. Kwa hiyo mashine isijazwe petroli ikiwa bado ya moto, na mifuko ya salfa isihifadhiwe jikoni wala chumba cha kulala.

Kelele za mashine zina kipimo chepesi. Ikiwa inambidi mtu apaze sauti ili asikike na mwenzake aliye umbali wa mita moja, masikio yanahitaji kuzibwa au kupumzishwa kwa kupokezana kazi.

Dawa za maji zinazotumika dhidi ya mbu wa mikorosho zinahitaji uangalifu zaidi. Mstari wa rangi ulio chini ya lebo huonyesha kiwango cha sumu: nyekundu ni kali zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Chupa tupu isuuzwe mara tatu na kutobolewa, ili isije ikageuzwa chombo cha kuchotea maji au kuwekea mafuta ya taa.

Mafuta ya ganda

Hatari ya pili huja baada ya mavuno. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma na kubabua ngozi. Mkorosho na mwembe ni wa jamii moja ya mimea, na aliyewahi kuwashwa midomo kwa utomvu wa embe bichi ameonja kidogo ukali huo.

Katika ubanguaji wa nyumbani, ambao mara nyingi hufanywa na wanawake, korosho huchomwa kwenye bati lililotobolewa. Mafuta huchuruzika motoni, miale hupanda ghafla na moshi hukaba koo. Kisha ganda hupasuliwa kwa mkono, na mafuta hubaki kwenye vidole.

Kwa kufuata ngazi tano, hatua ya kwanza ni kuacha kuchoma kwenye moto wa wazi pale kikundi kinapoweza kupata mtambo wa kupika korosho kwa mvuke na kifaa cha kubangulia cha mkono. Pasipo hivyo, moto uwe nje, mbeleko na khanga zinazoning'inia zivuliwe, na mtoto asiwe mgongoni wala karibu. Glavu ni bora zaidi. Zinapokosekana, wabanguaji hupaka mikono mafuta ya nyonyo au majivu, ambayo hupunguza makali bila kuyazuia kabisa.

Maji yako wapi?

Karibu kila mwongozo unasema dawa ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Ndanda, iliyo chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, ina chemchemi. Newala iko juu ya uwanda ambako maji ni shida ya kihistoria, na mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, husukuma maji kutoka bondeni kwenda juu.

Kwa mkulima wa Newala, agizo hilo linamaanisha kutenga ndoo ya maji na sabuni kabla mashine haijawashwa. Ndoo hiyo haipaswi kuguswa kwa kazi nyingine hadi upuliziaji umalizike.

Ajali ikitokea

Aliyeungua kwa moto apoozwe kwa maji safi kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno wala mafuta. Aliyemeza dawa asilazimishwe kutapika. Anayepelekwa Hospitali ya Ndanda, Mkomaindo mjini Masasi au ya Wilaya ya Newala aende na chupa ya dawa yenye lebo, ili daktari ajue anatibu nini.

Kwa aliyeajiriwa, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kukusanya michango Julai 2015. Mchango hulipwa na mwajiri, wala haukatwi kwenye mshahara. Kabla ya hapo, fidia ya juu ya ulemavu wa kudumu ilikuwa Sh108,000.

Mkulima anayepuliza mikorosho yake mwenyewe hana mwajiri wa kumchangia. Akipoteza jicho, gharama ni yake na ya familia yake. Kibarua aliyeajiriwa na tajiri wa shamba ana haki zaidi, lakini ni vigumu kuzidai bila shahidi wala karatasi. Ni vyema akaandikisha makubaliano yake ofisi ya kijiji na ajali ikaripotiwa mapema.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2023, karibu watu milioni tatu hufa kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa ya kazini. Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za kila mtu anayefanya kazi.

Katika vijiji vya korosho, vyama vya msingi vya ushirika ndivyo vinavyomfikia mkulima kila msimu, kwa pembejeo na kwa mauzo. Siku ya kugawa salfa ndiyo siku ambayo karibu kila mpuliziaji huwa amesimama kwenye foleni, na maelezo ya nusu saa kwa Kiswahili chepesi yangemkuta hapo kabla hajabeba mfuko kwenda shambani.