Ukunga wa nyumbani Meru na Embu: Usalama wa mama huanza kwa mpango wa rufaa

MKUNGA anayewafikia akina mama nyumbani anaweza kuokoa maisha katika nyanda kame za Mbeere, Kaunti ya Embu, na kwenye miteremko ya Nyambene, Kaunti ya Meru. Hata hivyo, huduma yake huwa salama iwapo tu imeunganishwa na hospitali.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu, waliozalishwa na wahudumu wenye ujuzi waliongezeka kutoka asilimia 62 mwaka 2014 hadi asilimia 89 mwaka 2022. Serikali ilikuwa imefuta ada za kujifungua katika hospitali za umma mnamo Juni 2013. Mkunga wa jadi hahesabiwi miongoni mwa wahudumu hao. Jukumu lake ni kumshauri mama na kumsindikiza hospitalini.

Kuwafuata wananchi makwao si jambo geni eneo hili. Hospitali ya Chogoria, iliyoanzishwa mwaka 1922 na Dkt Clive Irvine katika sehemu ambayo sasa ni Kaunti ya Tharaka-Nithi, ilipata sifa katika miaka ya 1980 kwa kupeleka wahudumu wa afya vijijini.

Anayetaka kuendesha huduma hii sharti kwanza awe amesomea ukunga na kupata leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Wakunga waliostaafu hufaa sana, kwani wana tajriba na huishi miongoni mwa wanakijiji.

Pili, achunguze kijitabu cha kliniki mapema. Mama mwenye mapacha, shinikizo la damu, mtoto aliyetanguliza makalio, au aliyewahi kupasuliwa au kuvuja damu nyingi wakati wa kujifungua, apelekwe hospitalini kabla ya uchungu kuanza.

Tatu, mkoba wake uwe na glavu, wembe mpya, vibanio vya kitovu, kipima-shinikizo, kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua na dawa ya kuzuia damu kuvuja.

Nne, gari na dereva wajulikane mapema, pamoja na nambari ya simu ya hospitali. Msimu wa masika barabara nyingi za udongo hazipitiki, na damu ikivuja baada ya kujifungua mama anaweza kufariki katika muda wa saa chache. Mkunga asisubiri hali izorote ndipo aite gari.

Aidha, mama na mtoto wakaguliwe katika saa 24 za kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya saba na ya 14, na wiki ya sita. Mtoto aliyezaliwa nyumbani aandikishwe kwa naibu wa chifu.

Mkunga anayempeleka mama hospitalini mapema hajashindwa na kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.