Jina na Nomino: Funzo kutoka Historia ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza hukutana mapema na maneno mawili yanayokaribiana: "name" na "noun". La kwanza ni jina aitwalo mtu, mahali au kitu. La pili ni aina ya neno katika sarufi. Maneno hayo ni ya ukoo mmoja, ila yalifika katika Kiingereza kwa njia mbili tofauti.

"Name" ni urithi wa Kiingereza cha Kale, ambacho kilisema "nama". "Noun" asili yake ni "nomen" la Kilatini, nalo lilipitia Kifaransa kilichotumika Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Katika Kilatini, "nomen" lilibeba maana zote mbili, sawa na "onoma" la Kiyunani na "ism" la Kiarabu. Kiingereza chenyewe kiliwahi kufanya hivyo. Mtawa Ælfric, aliyeandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza cha Kale mwishoni mwa karne ya 10, alifasiri "nomen" kwa "nama", na kiwakilishi akakiita kwa maneno yenye maana ya kishika nafasi cha jina. Istilahi zake zilieleweka na kila mzungumzaji. Baada ya 1066 elimu ilitawaliwa na Kilatini na Kifaransa, na istilahi hizo zikafifia. "Name" likabaki katika mazungumzo ya kila siku. "Noun" likakaa darasani.

Kiswahili nacho kimepita njia inayofanana. "Jina", neno la asili ya Kibantu, limetumika katika vitabu vya sarufi kwa maana ya aina ya neno. Baadaye wanaisimu walieneza "nomino", lenye shina lile lile la Kilatini. Haja ilikuwapo. Mwanafunzi akiambiwa ataje jina katika sentensi "Mtoto anaitwa Asha", atajibu "Asha", ingawa "mtoto" nalo ni nomino.

Hata hivyo, kila faida ina gharama yake. "Nomino" hutenganisha dhana mbili kwa usahihi, lakini halimwambii mwanafunzi lolote mpaka afunzwe. "Jina" humwambia mengi, wakati mwingine kupita kiasi. Kwa hiyo, mwalimu wa sarufi hana budi kuyafundisha yote mawili pamoja na mpaka uliopo baina yake. Istilahi isiyofafanuliwa huwa ni jina tupu.