Ukifika Busia, Fumba Jicho Moja

Wiki chache zilizopita mwalimu wetu wa Kiingereza hapa kambini aliandika misemo miwili ubaoni. Wa kwanza: "toe the line", yaani simama mstarini kama wenzako. Wa pili: "When in Rome, do as the Romans do", ukiwa Roma fanya wafanyavyo Warumi. Akasema yote miwili inafundisha jambo moja, mgeni afuate wenyeji. Darasa zima likaandika. Mimi nilibaki nimeshika kalamu, maana somo hilo nilishalisikia kitambo, si darasani bali Busia, ndani ya basi, na aliyekuwa anafundishwa ni mama yangu.

Tulikuwa tunatoka Uganda kuingia Kenya. Abiria wa kiti cha nyuma alitusikia tukiongea, akainama akaniambia polepole: "Kijana, mwambie mama asifungue mdomo mpaka tuvuke. Hicho Kiswahili chenu kitawachoma." Nia yake ilikuwa njema. Sisi ni watu wa Bukavu. Kwetu watu ni batu, vitu ni bintu, na asante ni aksanti. Neno moja tu, na basi zima linajua umetoka wapi.

Msemo wa mstari ulianza na mstari wa kweli. Wakimbiaji walipanga vidole vya miguu kwenye alama kabla ya mbio, na mabaharia wa Uingereza walisimama hivyo sitahani wakikaguliwa. Aliyesogea kidogo alionekana mara moja.

Lakini mstari wa Busia wenyewe umewahi kuhama. Waingereza walipoifanya Uganda kuwa himaya yao katika miaka ya 1890, Uganda hiyo ilienea mashariki hadi karibu na Naivasha. Kisumu ilikuwa ndani yake. Reli ya kutoka Mombasa ikafika Kisumu Desemba 1901, na mwaka 1902 wakubwa wakalikata jimbo la mashariki la Uganda, wakaliunganisha na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Sababu mojawapo ni kwamba walitaka reli nzima iwe chini ya utawala mmoja. Mtu alilala Uganda akaamka kwingine bila kuhamisha hata chungu. Wasamia wakawa huku na huku. Wateso vilevile, hawa upande wa Malaba, wale upande wa Tororo. Sasa hapo mwenyeji wa kufuatwa ni yupi?

Watu wa mpakani walijibu kwa baiskeli. Tangu miaka ya 1960 vijana wa Busia walifunga kiti laini nyuma ya baiskeli, wakawa wanabeba watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, wakiita wateja: boda, boda! Neno la Kiingereza la mpaka likavaa sauti ya Kiswahili, na leo pikipiki za sehemu kubwa ya Afrika Mashariki zinaitwa hivyo.

Halafu ukaja wakati wa Idi Amin. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, na baada ya muda maduka ya Uganda yakakosa sabuni na sukari. Magendo yakashamiri. Kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwenda Kenya, bidhaa zikarudi. Na si kahawa tu iliyovuka. Walivuka walimu, madaktari, wanafunzi na waandishi waliokimbia kuuawa. Shule nyingi za Kenya zilipata walimu Waganda miaka ile. Nawaambia hili hasa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: nchi ambayo leo inapokea wakimbizi wengi kuliko karibu zote Afrika, jana watu wake walikuwa wanapita Busia na Malaba wakiwa na begi moja, wakijifunza haraka namna ya kusalimia Kikenya.

Kabla ya kuvuka, tulikaa Tororo miezi kadhaa, chini ya lile jabali kubwa. Mzee mwenye nyumba alikuwa anapiga bei sokoni kwa Kiswahili bila shida. Nyumbani alitukataza. Mama alipomuuliza kwa nini, akasema: "Mama, hiyo lugha ndiyo ilikuwa inagonga milango usiku." Kumbe kweli. Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi tangu enzi za mkoloni. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikisikia kwa mdomo wa askari. Katiba ilikuja kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini masikio ya mzee hayakusubiri katiba. Tukajifunza: sokoni ongea, uani nyamaza. Hiyo ndiyo mila ya mahali. Haijaandikwa popote, na ina sababu yake.

Sasa turudi Roma. Msemo ule unatokana na jibu la Ambrosi, askofu wa Milano. Karibu mwaka 385, Monika, mama yake Agostino, alimfuata mwanawe Milano kutoka Afrika Kaskazini, sehemu ambayo leo ni Algeria. Alikuta Wakristo wa huko hawafungi Jumamosi, akachanganyikiwa: afunge au ale? Mwanawe akaenda kumuulizia. Ambrosi akajibu kwamba akiwa Roma hufunga Jumamosi, akiwa Milano hafungi.

Angalieni vizuri. Aliyeuliza alikuwa mama Mwafrika ugenini, na jibu lilikuwa na pande mbili: huko nafanya vile, hapa nafanya hivi. Ambrosi alikuwa na pa kurudi. Msemo wa ubaoni umebakiza Roma, Milano imeachwa nje.

Na sisi tunayo methali yetu: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wengine husema vunja lako jicho. Tofauti ni kubwa! Jicho lililofumbwa hufumbuliwa. Binamu yangu aliyebaki Tororo alivunja. Alichukua jina la kule, akaendesha boda boda, hakuna aliyemshuku miaka mingi. Mtoto wake alipohitaji karatasi, hakukuwa popote palipoandikwa kwamba baba yake yupo. Simlaumu. Alikula, akalala salama. Lakini bei yake analipa mtoto.

Mama yeye alinyamaza njia nzima kama alivyoambiwa. Tulipofika dirishani, afisa akauliza, "Mama, mnatoka wapi?" Mimi nikafungua mdomo kujibu, yeye akanitangulia: "Siye batu ba Bukavu, baba. Tunakimbia bita." Nilihisi miguu imeisha nguvu. Afisa akamtazama, akatuelekeza pa kujiandikisha. Sheria ya wakimbizi ya Kenya ya 2006 ilikuwa inampa mtu siku 30 za kujitokeza. Sisi hatukuijua sheria hiyo. Mama alijua tu kwamba ukijificha hakuna wa kukusaidia.

Juzi mwanangu alimsahihisha: "Nyanya, si batu, ni watu." Mama akacheka, lakini niliona ameinamisha kichwa. Nikamwita kijana, nikamwambia: shuleni sema watu, andika watu, upate alama zako. Ukivuka mlango huu, sema batu. Akauliza kwa nini. Nikamsimulia habari za basi la Busia.